Taratibu ya Picha: Historia ya Mwendo katika Filamu za Vijana, na Mtazamaji wa Kitale na Bungoma

Wahakiki wetu wameihangaikia riwaya na ushairi, filamu wakaiacha ijitetee yenyewe. Hata wanapoigusa, ile ya mwendo wa taratibu, hasa ihusuyo vijana, huhukumiwa kwa neno moja: inachosha. Hukumu hii ina historia.

Mwaka 1935, huko Vugiri, Tanganyika, L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika, lililodumu hadi 1937. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda idara ya filamu za makoloni, na William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nijeria, akawa nguzo yake. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi; basi apewe picha ndefu, tukio kwa tukio, pasi na hila za kamera. Taratibu ikafanywa dawa ya upungufu wa akili uliodhaniwa tu. Kwa hiyo msomi wa leo anayeisifu taratibu hana budi kujiuliza kama hairithi dhana hiyo.

Nadhani hairithi, ila jibu lataka hoja. Picha ndefu ya Sellers haikuacha shaka: msemaji alisimama kando ya pazia akieleza kila kitu, na mtazamaji akabaki na kazi ya kutii. Katika filamu ya Abbas Kiarostami ya mwaka 1987, mvulana wa kijiji cha Koker anatafuta nyumba ya mwenziwe ili amrudishie daftari, na hakuna anayetueleza uzito wa daftari lile. Twaupima wenyewe kwa urefu wa njia. Katika *Yaaba* (1989) ya Idrissa Ouedraogo, urafiki wa mtoto Bila na kikongwe anayeitwa mchawi wakua kwa kutembeleana, si kwa hotuba. Muda ni uleule. Aliyebadilika ni mtazamaji anayedhaniwa.

Mtu wa Bungoma hakosi kipimo cha jambo hili. Katika miaka ya shufwa, ifikapo Agosti, kijana wa Kibukusu huzunguka na chinyimba mikononi akiwaalika jamaa, boma hata boma. Huenda kwa mjomba; alfajiri hupakwa tope mtoni, kisha hurudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye na kusimama kimya mbele ya ngariba. Kisu chenyewe ni kitambo kidogo mno. Ujana wake hupimwa na njia iliyotangulia, na hakuna anayelalamika kuwa njia ni ndefu. (Mfano huu usivutwe mno: jando lina umati na kelele, ilhali filamu hizi hupenda ukimya. Kinacholingana ni kule kuahirisha.)

Kikwazo, basi, si akili ya mtazamaji bali mazoea ya mahali pa kutazamia. Katika vibanda vya video vya miji kama Kitale, filamu za kigeni zimepata uhai mpya kwa sauti ya wasimulizi, DJ Afro akiwa maarufu kuliko wote. Usanii wao ni mkubwa, nami siudharau. Lakini haukivumilii kimya, kwani kila pengo hujazwa mzaha au fasiri. Hapa pana kinaya: yule msemaji wa zama za Sellers amerudi, safari hii akipendwa na hadhira.

*Kati Kati* (2016) ya Mbithi Masya yaupa mjadala huu uzito wa nyumbani. Kaleche, msichana asiyekumbuka lolote, ajikuta nyikani, kisha katika hoteli ya watalii ambako vijana wenzake wamwambia kwamba amekufa. Filamu haiharakishi kueleza ni nani aliyemkosea nani. Trans Nzoia ni miongoni mwa sehemu zilizoguswa na ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na kijana wa Kitale aliyekuwa mtoto wakati ule ana kumbukumbu za kutosha za kujazia kimya hicho. Msimulizi akimjazia, huenda akamnyang'anya zamu yake ya kusema.