Ada ya Manju

Neno "ada" kwetu lina maana mbili: desturi, na malipo. Mwanafunzi wa pwani akihitimu humpa fundi wake kilemba. Hiyo ni ada kwa maana zote mbili. Wako wadhanio kuwa bara, Shinyanga na Geita, mambo ni mengine. Sivyo.

Tangu karne ya 19 ngoma za Wasukuma zimesimama juu ya vyama viwili hasimu, Bagika na Bagalu, vilivyoanzia kwa waganga Ngika na Gumha. Aliyetaka kuwa manju, yaani ningi kwa Kisukuma, aliingia chamani, akatoa ada, akafunzwa dawa pamoja na nyimbo. Baada ya mavuno pande mbili zilicheza kwa wakati mmoja, na umati ndio uliohukumu: walikojaa watu ndiko kwenye ushindi.

Hapo faini ya kutofika ilikuwa ya nini? Manju asiyetokea alimwachia hasimu uwanja na jina. Leo mwalimu wa gitaa adaiye malipo ya somo lililovunjwa usiku wa kuamkia siku yake huitwa mchoyo. Kumbe naye alikuwa uwanjani, akingoja. Manju alishuhudiwa na umati; mwalimu huyu hana shahidi ila ada.