Kisiwa cha Kobe: Matayarisho ya Safari ya Aldabra

Sisi watu wa Kolwezi twazijua safari za kazi. Mtu huenda mgodini, huenda sokoni, huenda kuvua samaki Lualaba, naye hurudi na kitu mkononi. Lakini iko safari nyingine ambayo wengi wetu huicheka. Ni safari ya mtu anayeacha nyumba yake na kupanda meli siku nyingi, ili akaangalie wanyama na ndege tu, bila kuwinda wala kuuza. Watu huuliza, “Atarudi na nini?” Swali hilo twataka kulijibu kwa habari ya kisiwa kimoja cha mbali. Jibu lake latuhusu hata sisi tunaokaa Kingamyambo, karibu na mchanga uliobaki baada ya mashine kutoa shaba.

Kisiwa hicho chaitwa Aldabra. Kiko katika Bahari ya Hindi, kilometa 640 hivi toka pwani ya Afrika, na kilometa 420 toka Madagaska. Kwa kweli ni duara ya visiwa vya mawe ya matumbawe, na vilivyo vikubwa ni vinne: Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie. Urefu wa duara yote wapata kilometa 34. Katikati yake mna ziwa la maji ya chumvi, ambalo hujaa na kupwa pamoja na bahari. Mito hakuna. Maji matamu ni yale ya mvua tu, yanayosimama katika mashimo ya mawe. Kwa sababu ya ukavu huo, watu hawakupapenda sana, na wanyama wakabaki.

Mkubwa wa wanyama hao ni kobe. Dume aliyekomaa aweza kupita kilo 200, na umri wake kupita miaka mia. Zamani kobe wa namna hii walikuwa wengi katika visiwa vingi vya bahari ile. Lakini mabaharia waligundua kwamba kobe aweza kukaa melini miezi mingi bila kula wala kunywa, tena nyama yake ni nzuri. Basi, waliwachukua kwa maelfu, wakawapanga ndani ya meli kama magunia, hata kobe wa Morisi na wa Réunion wakaisha kabisa. Mwaka wa 1874 wataalamu wakubwa wa Uingereza, naye Charles Darwin akiwa mmoja wao, walimwandikia gavana wa Morisi na kumsihi awalinde kobe wa Aldabra, kwa maana ndio waliokuwa karibu kubaki peke yao. Hata wale kobe wa kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, wanaopendwa sana na wageni, asili yao ni zawadi iliyoletwa toka Shelisheli mwaka wa 1919.

Hatari kubwa ilikuja baadaye. Mnamo Novemba 1965 serikali ya Uingereza iliitenga Aldabra na visiwa vya Shelisheli, ikaiweka katika koloni mpya pamoja na visiwa vya Chagos. Shabaha ilikuwa ya kivita: kujenga kiwanja cha ndege za askari. Hapo ndege wa Mungu na ndege za watu wangegombana. Maana katika miti ya mikoko ya Aldabra wanakaa maelfu ya ndege wakubwa wa bahari wenye mkia wa panda, na madume yao huvimbisha mfuko mwekundu kooni. Ndege wa namna hiyo akiingia katika mashine ya ndege iliyo angani, watu hufa. Kwa hiyo palipo kiwanja, ndege hao wangefukuzwa au kuuawa.

Mwaka wa 1966 David Stoddart, mwalimu wa jiografia wa Cambridge, alikwenda Aldabra na kuona kwa macho yake. Aliporudi, yeye na wenzake hawakuridhika na kulalamika. Walijua kwamba mtu wa serikali atauliza: “Kuna nini huko, na ninyi mmejuaje?” Basi Royal Society, chama kikubwa cha wataalamu cha London, kikatengeneza safari ya haraka, ili kisiwa kijulikane kabla ya matingatinga kufika. Safari ilianza Agosti 1967, wataalamu wakitokea Mombasa kwa meli, ikaendelea mpaka Machi 1968.

Sasa tuangalie matayarisho ya safari kama hiyo, kwa sababu ndiyo yenye mafundisho. Kwanza ni maswali. Anayekwenda bila swali huona vingi na kurudi mtupu. Mmoja huenda kwa ajili ya majani, mwingine wadudu, mwingine mawe, mwingine ndege. Pili ni miezi. Kisiwa cha wakati wa mvua si kile cha wakati wa kiangazi, kwa hiyo watu hupokezana, kundi hili likitoka na lile likiingia. Tatu ni maji, maana mahali pasipo na mto, pipa ni uhai. Nne ni viatu. Mawe ya Aldabra yameliwa na mvua na bahari mpaka yamekuwa makali kama visu, na mwenye kiatu chepesi hafiki mbali. Tano ni kujua saa za bahari. Maji ya ziwa lile hutoka na kuingia kwa nguvu katika milango michache, na mashua isiyongoja saa yake huchukuliwa au hukwama juu ya mchanga.

La mwisho watu huligundua kwa kuchelewa: kuangalia usichukue mgeni mbaya pamoja nawe. Watu wa kale walileta mbuzi, panya na paka Aldabra. Mbuzi walikula kivuli cha kobe, na bila kivuli kobe hufa kwa jua. Iliwachukua walinzi miaka mingi kuwamaliza mbuzi, mpaka mwaka wa 2012. Ndiyo maana mgeni wa siku hizi hukagua viatu na mizigo yake, asije akabeba mbegu au mdudu.

Je, kazi ile ilizaa nini? Kule London mbunge Tam Dalyell aliwaulizia mawaziri maswali mengi mno juu ya Aldabra, na habari za wataalamu zilimpa silaha. Kisha Novemba 1967 fedha ya Uingereza ilishushwa thamani, na siku chache baadaye serikali ikaacha mpango wa kiwanja. Tuseme kweli: ukosefu wa fedha ndio ulioangusha mpango. Lakini fedha huweza kurudi. Kilichofanya mpango usirudi ni kwamba sasa kisiwa kilikuwa na jina na mashahidi. Mwaka wa 1971 nyumba ya utafiti ilifunguliwa huko. Mwaka wa 1976 Aldabra ikarudishwa kwa Shelisheli, na mwaka wa 1982 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Leo kobe wake wahesabiwa kuwa wapata 100,000. Hata hivyo kazi haikuisha: mwaka wa 2019 watu walikwenda kuokota takataka za plastiki zilizoletwa na bahari, wakatoa tani 25, nyingi zikiwa nyavu na kamba za wavuvi.

Mtasema, sisi hatuna bahari. Lakini visiwa tunavyo. Vilima vyetu vya shaba ni visiwa katikati ya pori la miti. Juu yake miti haioti, kwa sababu udongo una shaba nyingi, lakini huota maua na majani yaliyozoea sumu hiyo. Zaidi ya aina 30 hazipatikani mahali pengine po pote duniani ila katika vilima vya shaba vya Katanga. Paul Duvigneaud na Denaeyer-De Smet, wataalamu wa Ubelgiji, waliyaandika mengi mwaka wa 1963. Tena katika nyika za Upemba, palipofanywa hifadhi mwaka wa 1939, msafara wa Gaston-François de Witte ulifanya kazi toka 1946 mpaka 1949, ukikusanya na kuandika viumbe vyake. Vilima vya shaba, kinyume chake, havikungoja. Vingi vimekuwa mashimo, na aina kadhaa za maua yake hazikuonekana tena.

Hatusemi migodi ifungwe, maana mkate wa watoto wetu watoka humo. Twasema kilima kijulikane kwanza. Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi wake kwa daftari na kalamu, waulize wazee majina ya maua, wahesabu, waandike mwezi na mahali. Noe aliagizwa kuokoa kila namna ya wanyama, naye alipaswa kuwajua mmoja mmoja kabla ya mvua kunyesha. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka wa 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Mwenye nyumba huvijua vilivyomo. Asiyevijua, siku ya kuibiwa hataweza hata kutaja kilichopotea.