Kaimu si Mwigizaji: Jina la Ncha ya Mkononi

Kuna tafsiri inayozunguka katika orodha za istilahi za kompyuta, na kila inaponakiliwa upya inazidi kujipa sura ya neno halali: kiigizi cha kituo. Hilo ndilo jina waliloichagulia wenye kamati zao ile programu tunayoifungua kwenye laptopu ili kuzungumza na mtambo ulio mbali, programu ambayo Waingereza huiita terminal emulator. Maneno yaliyoungwa hapo ni mawili, na yote mawili yamekosea. La kwanza linasema programu inaigiza, nayo haiigizi. La pili linasema mwisho wake ni kituo, na hapo hakuna kinachotua. Istilahi ya namna hii inamdanganya mwanafunzi kabla hajaligusa jambo lenyewe, na kwa msemaji wa Kiswahili wa Kismayo, ambaye shuleni hupokea Kisomali, kazini hupokea Kiingereza, na Kibajuni chake hakina hata daftari la istilahi, neno la Kiswahili likimfikia lina wajibu wa kuwa neno la kweli.

Nianze na kituo. Neno hili ni mtoto wa kutua. Ndege hutua mtini, jua hutua, hamali hutua mzigo, na chombo kikiingia bandarini mabaharia hutua tanga. Kila lilipo pana mwendo uliokoma, ndiyo maana basi lina kituo na sentensi ina kituo. Sasa mbele ya skrini na kibodi kinachokoma ni nini? Hapo ndipo amri inapozaliwa na ndipo jibu linaposomwa. Waliokwenda mbali zaidi wakaongeza tamati, neno ambalo washairi wetu huliweka chini ya ubeti wa mwisho, wamezidisha kosa, kwa kuwa wamepaita pa kumalizia mahali pa kuanzia kazi. Najua wamelifuata neno la Kilatini, lakini hawakulifuata hadi nyumbani kwao: terminus ni mpaka, jiwe linalosimikwa kati ya mashamba mawili, na mpaka ni mahali pande mbili zinapogusana. Wenye kutumia lugha wamekwisha kulikataa hilo wao wenyewe. Jengo jipya la uwanja wa ndege wa Zanzibar linaitwa Jengo la Tatu la Abiria, si kituo cha tatu.

Kosa la kuigiza ni kubwa zaidi, na hapa ushahidi uko wazi. Mwaka 1978 kampuni ya Digital Equipment ya Marekani ilitoa mashine iitwayo VT100: skrini ya safu 80 kwa mistari 24, kibodi, na waya wa kwenda kwenye kompyuta iliyokuwa chumba kingine au jengo lingine. Kompyuta ile ilipotaka skrini isafishwe ilituma herufi isiyoonekana, yenye namba 27, ikifuatwa na mabano ya mraba, tarakimu 2 na herufi J. VT100 ikaifuta skrini. Leo mtambo ukituma herufi hizo hizo nne kwenye laptopu yenye PuTTY, programu iliyotolewa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, skrini inasafishwa vile vile. Zaidi ya hayo, mtambo unaweza kuuliza upande wa pili yuko nani, na programu nyingi za aina hii hujibu kwa utambulisho wa VT100 au wa mmoja wa ndugu zake. Mtambo unalipokea jibu na kuendelea na kazi. Je, huu ni uigizaji? Mwigizaji aliyevaa joho la hakimu jukwaani hamfungi mtu, na pazia likishuka kila mmoja anarudi kwake. Kaimu hakimu anafunga, na aliyefungwa anakwenda gerezani kweli. Ndege ya mafunzo isiyotoka chumbani inaigiza safari, kwa sababu haifiki popote. Programu yetu inapokea amri zilizoandikiwa cheo cha VT100, inazitekeleza, na matokeo yake ni halisi upande wa pili wa waya. Inakaimu. Wanaotumia uigaji kwa mambo haya mawili, kuigiza na kukaimu, wametunyima tofauti ambayo Kiingereza chenyewe kinaihifadhi, ilhali Kiswahili kilikuwa nayo ofisini siku zote.

Na neno hili halikuokotwa njiani. Kaimu latokana na Kiarabu qāim, mwenye kusimama, na serikali ya Waturuki ilikuwa na cheo cha qaim maqam, yaani asimamaye mahali pa mwingine. Nusu ya pili ya cheo hicho, maqam, mahali pa kusimama, nasi tunayo: ndiyo makamu, kama katika makamu wa rais. Ukoo wenyewe ni mpana. Kiyama ni siku ya kusimama wafu. Kima ni kiwango ambacho kitu kinasimamia. Kaumu ni watu wanaosimama pamoja. Takwimu, tunayoiona leo kuwa neno la wachumi, ilianzia kwenye kuweka mambo sawa yasimame. Na mtu wa visiwa vya Chovai au Chula ambaye hajawahi kuiona ofisi yenye kaimu mkurugenzi husikia kukimu sala mara tano kwa siku. Shina la neno analo sikioni. Nashindwa kuelewa jinsi waliokaa kulitafutia jina jambo la kusimama mahali pa mwingine walivyoupita ukoo mzima unaohusu kusimama wakaenda kuazima kwenye michezo ya jukwaani.

Badala ya kituo napendekeza ncha. Kamba ina ncha, kisu kina ncha, sumaku ina ncha mbili, na waya wa umeme una ncha. Ni pale kitu kirefu kinapokutana na kingine. Pwani hii ya Kismayo haihitaji kufundishwa maana ya kazi inayofanyika kwenye ncha ya mbali. Wavuvi wake wa Kibajuni walisifika kwa kuvua kasa kwa chazo, samaki mwenye kinyonyo juu ya kichwa, na mwaka 1884 Frederic Holmwood, aliyekuwa akitumikia ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alichapisha London maelezo ya uvuvi huo wa pwani ya Afrika Mashariki. Chazo hufungwa mshipi penye shina la mkia. Akionekana kasa, hutupwa majini, humwendea, humganda gambani, na mvuvi huanza kuvuta pole pole, akipima kwa vidole kama kasa anazama au anachoka. Mkono wake haujamgusa kasa. Anachokijua kinapita kwenye mshipi, na anachokiamuru kinapita humo humo. Mshipi ule una ncha mbili, moja ya majini na moja ya mkononi, na kitu ninachokizungumzia hapa ni ncha ya mkononi.

Basi jina ni ncha kaimu. Nimeambiwa kwamba nomino mbili zikiwekwa sambamba bila kiunganishi hazileti Kiswahili sanifu, na kwamba ingefaa ncha ya kukaimu. Anayesema hivyo aitazame ramani. Kismayo ni Kisimayuu, kisima cha juu, na katika visiwa vya kusini mwake kuna Fuma Iyu na Fuma Tini, ya juu na ya chini. Jina limekaa, sifa ya mahali imelifuata, bila -a unganifu. Tuna bata mzinga na askari kanzu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kaimu ni mtu, tena wa muda, na VT100 haitarudi ofisini. Kuhusu mtu, lugha inayosema saa imekufa haiwezi kuikatalia programu cheo. Kuhusu muda, kiini cha ukaimu ni kwamba kiti kipo na mwenyewe hayupo. Kiti cha VT100 bado kipo, kwa sababu mitambo ingali inakiandikia amri. Wa tatu husema mafundi wametosheka na terminali. Nawaheshimu, na kati ya terminali na kituo naichagua terminali bila kusita, kwa kuwa neno la kuazima halijidai kuwa na maana lisiyo nayo. Lakini terminali inataja mashine ya kale, haitaji kinachoishika nafasi yake, na hapo ndipo mjadala ulipo.

Katika matumizi: laptopu hukaimishwa kwa kebo ya siriali, mara nyingi kwa kasi ya baudi 9600, biti nane, bila pariti, biti moja ya kusimama, au kwa SSH kupitia poti 22 mtambo ukiwa mbali. Antena ikiwa juu ya mlingoti kisiwani na kusi imeichafua bahari, fundi aliye Kismayo hufungua ncha kaimu akausoma mtambo kutoka alipo. Hatendi tendo jingine lenye kuhitaji jina jipya, kwani kukaimu na kukaimisha ni vitenzi tunavyo, na kiigizi cha kituo hakijatupa kitenzi hata kimoja ambacho fundi angekitamka akiwa na haraka. Mwenye kuandika kamusi aiingize hivi: ncha kaimu, nomino, ngeli ya i-/zi-, wingi ncha kaimu.