Mbegu ya Majaribio na Toleo Rasmi

Wakulima wa pamba wa Bariadi, na wa mkoa mzima wa Simiyu uliotangazwa mwaka 2012, hawahitaji kufundishwa tofauti iliyopo baina ya mbegu ya majaribio na mbegu iliyoidhinishwa. Aina zilizotoka Ukiriguru, karibu na Mwanza, kama UK77, UK82 na UK91, zilipandwa kwanza katika mashamba ya utafiti msimu baada ya msimu. Maana kasoro ya mbegu haidhihiriki kwa mvua ya mwaka mmoja.

Mifumo endeshi ya kompyuta nayo imepita njia hiyo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilitenganisha matawi yake kwa hesabu: tangu toleo 1.0 la mwaka 1994, tarakimu ya pili ikiwa shufwa, hilo lilikuwa toleo imara. Ikiwa witiri, lilikuwa la ujenzi. Desturi hiyo iliachwa baada ya kutoka toleo 2.6, Desemba 2003. Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ina matawi matatu: lisilotulia, la majaribio, na lililo imara.

Basi, aliyefuata tawi la majaribio atarudije kwenye toleo rasmi? Kurudi nyuma moja kwa moja ni hatari, kwani aghalabu programu mpya zimekwisha kubadili umbo la kumbukumbu, na za zamani haziwezi kuzisoma. Maji yakimwagika hayazoleki. Njia iliyo salama ni kungoja. Tawi la majaribio la Debian lililoitwa trixie lilisimamishwa mabadiliko, likasahihishwa, na tarehe 9 Agosti 2025 likawa toleo rasmi la 13. Aliyekuwa ameandika jina hilo katika orodha ya vyanzo vyake alijikuta katika toleo rasmi pasipo kuhama. Aliyeacha neno la jumla la majaribio alichukuliwa mbele, katika ujenzi mwingine, pengine bila kujua.

Yapo makosa yaliyo mabaya zaidi, nayo ni kuchanganya. Mbegu za aina mbili zikikutana katika kiwanda cha kuchambulia pamba, usafi wa zote mbili hupotea; kadhalika mashine inayochota programu huku na huku haina tena toleo linaloweza kutajwa wala kutegemewa.

Tuseme chama cha msingi cha ushirika kinatunza katika kompyuta moja kilo za pamba za kila mwanachama. Mfumo ukianguka katikati ya msimu wa ununuzi, anayepunjwa ni mkulima, wala si fundi. Hapana shaka majaribio ni lazima, kwa kuwa pasipo wajaribuji hakuna toleo litakaloimarika. Lakini yafaa yafanywe katika shamba lililotengwa kwa kazi hiyo, na mwenye shamba awe ameridhia hasara yake.