Kliniki ya mtoto wakati wa janga la UVIKO-19

Kliniki ya mtoto ni huduma ya afya inayotolewa kwa ratiba kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, hata kama hawaumwi. Inahusu kupima uzito, kutoa chanjo na kumshauri mzazi juu ya malezi na lishe. Wakati wa janga la UVIKO-19, lililotangazwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) tarehe 11 Machi 2020, huduma hiyo ilitetereka katika nchi nyingi. Makala hii inaeleza suala hilo kwa kutumia hasa mfano wa Tanzania na bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, ambako kuna mji wa Ifakara na kata za vijijini kama Mbingu na Mngeta.

Huduma zinazotolewa

Nchini Tanzania kliniki hufanyika katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Vijiji vya mbali hufikiwa kwa huduma ya mkoba, yaani wahudumu huenda na mizani na chanjo hadi kijijini kwa siku iliyopangwa.

Kila mtoto ana kadi yake. Uzito wake ukipimwa, nukta huwekwa kwenye mchoro uliomo ndani ya kadi, na nukta hizo huunganishwa kwa mstari. Mstari ukipanda, mtoto anakua vizuri. Ukilala au kushuka, ni dalili ya ugonjwa au ya lishe duni, na mara nyingi huonekana kabla mzazi hajagundua tatizo kwa macho.

Ratiba ya chanjo huanza mtoto anapozaliwa, kwa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Hufuata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zinazokinga dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B, nimonia, kuhara na polio. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika mwezi wa 9 na kurudiwa katika mwezi wa 18. Kuanzia miezi 6 mtoto hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na baada ya kutimiza mwaka mmoja hupewa pia dawa ya minyoo.

Bonde la Kilombero

Bonde hili ni maarufu kwa kilimo cha mpunga, na pia kwa malaria. Katika msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kuishi huko kwa wiki kadhaa au miezi, mbali na zahanati. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hujaza mito na kuharibu njia. Hivyo hata bila janga lolote, kumfikisha mtoto kliniki kila mwezi si jambo jepesi.

Ifakara ina Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950. Huko ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ambapo watoto wachanga walipewa dawa ya kuzuia malaria siku zilezile walizoletwa kuchanjwa, katika mwezi wa 2, wa 3 na wa 9. Katika mwaka wa kwanza wa maisha yao, malaria ilipungua kwa 59% na upungufu mkali wa damu kwa 50%, zikilinganishwa na watoto ambao hawakupewa dawa hiyo. Mwaka 2010 WHO ilipendekeza njia hiyo kwa maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi.

Utafiti huo unaonyesha kwamba siku ya kliniki inaweza kubeba kinga nyingi kwa pamoja. Tanzania imetumia njia hiyo pia kugawa vyandarua vyenye dawa: mama hupewa anapohudhuria kliniki ya ujauzito mara ya kwanza, na mtoto anapopata chanjo ya surua ya miezi 9. Kwa sababu hiyo mtoto asiyeletwa kliniki anaweza kukosa chanjo na chandarua kwa wakati mmoja.

Wakati wa janga

Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, masika yakiwa yanaanza. Shule zilifungwa, lakini wananchi hawakuamriwa kubaki majumbani, na vituo vya afya viliendelea kutoa huduma. Baada ya taarifa iliyoonyesha wagonjwa 509, takwimu mpya hazikutangazwa tena hadi katikati ya mwaka 2021.

Kliniki kubaki wazi hakukutosha kuhakikisha kwamba watoto wote wanaletwa. Katika nchi nyingi wazazi waliogopa kuambukizwa kwenye foleni, usafiri ulikuwa mgumu, wahudumu walihamishiwa kazi za UVIKO-19 au waliugua wenyewe, na shehena za chanjo zilichelewa. Mwishoni mwa Machi 2020 WHO ilishauri kampeni za chanjo zinazokusanya umati zisimamishwe kwa muda, ila chanjo za kawaida ziendelee kwa tahadhari: barakoa, kunawa mikono na kuachiana nafasi.

Mwaka 2020 watoto milioni 23 duniani hawakukamilisha chanjo za msingi, milioni 3.7 zaidi ya mwaka 2019. Mwaka 2021 idadi ilifikia milioni 25. Nchini Tanzania pia kiwango cha uchanjaji kilishuka katika miaka hiyo.

Athari

Madhara ya kukosa kliniki hayaonekani siku ileile. Surua huenea haraka kiasi kwamba inahitajika takriban 95% ya watoto wawe wamekingwa ili isilipuke. Watoto waliokosa chanjo hujumlishwa mwaka hadi mwaka, na ugonjwa unaweza kulipuka baada ya janga kusahaulika. Mwishoni mwa mwaka 2022 surua ililipuka katika eneo la Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, na kuua watoto.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imeshaonyesha hatari hiyo. Ebola iliyozuka mashariki mwa nchi mwaka 2018 iliua watu 2,287 hadi mwaka 2020, lakini katika kipindi hichohicho surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini humo, wengi wao watoto wadogo.

Uzito usiopimwa nao huacha pengo. Chanjo nyingi zinaweza kutolewa baadaye, lakini miezi ya utapiamlo ambao haukutambuliwa mapema hairudishwi.

Kurudisha huduma

Mwaka 2022, baada ya polio kugunduliwa Malawi, Tanzania iliendesha kampeni ya matone ya nyumba kwa nyumba. Mwezi Februari 2024 ilifuata kampeni ya kitaifa ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi 59.

Mtoto aliyeachwa nyuma haanzi upya: huendelea na dozi alipoishia. Ndiyo maana wazazi huhimizwa kuitunza kadi, hata familia inapohamia shambani, na kumpeleka mtoto kliniki hata kama tarehe iliyoandikwa imeshapita.