Mila Nyuma ya Kuta: Wafungwa wa Jamii za Asili Nchini Kanada

Gereza la Kingston lilipofunguliwa mwaka 1835, fikra iliyotawala ilikuwa moja: mkosaji anyamazishwe, afanyishwe kazi na kusalishwa, naye atatubu. Kutubu huko kulipimwa kwa kipimo cha Mkristo wa Kizungu. Mkree wa nyika za magharibi hakuwamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa wakati ule nchi yake ilikuwa bado mikononi mwake.

Nusu ya pili ya karne ya 19 iligeuza mambo. Sheria ya Wahindi (jina walilopewa wenyeji) ya mwaka 1876 iliwaweka wenyeji hao chini ya ulezi wa serikali, mithili ya watoto. Marekebisho ya 1884 yalipiga marufuku sherehe ya potlachi kwenye pwani ya Pasifiki, na yale ya 1895 yakazifikia ngoma za nyikani. Mtu sasa aliweza kufungwa, si kwa wizi wala kuua, bali kwa kutimiza ibada ya babu zake.

Kati ya miaka hiyo ulizuka uasi wa 1885 katika nyika za magharibi. Nyati walikuwa wametoweka, njaa imeingia, na ahadi za mikataba hazitimizwi. Machifu wawili wa Kikree, Big Bear na Poundmaker, walihukumiwa miaka 3 kila mmoja katika gereza la Stony Mountain, Manitoba. Kanuni ilitaka kila anayeingia anyolewe. Poundmaker peke yake aliachiwa nywele zake ndefu, na tusidhani ni kwa kuheshimu mila: serikali ilikuwa ikimhofia Crowfoot, chifu wa Siksika aliyekuwa baba yake wa kulea. Gereza lilijua fika maana ya nywele zile, na bado wengine wakanyolewa. Poundmaker alitoka mwaka 1886 akiwa mgonjwa, akafa miezi michache baadaye. Big Bear alitoka 1887 na kufariki mwanzoni mwa 1888. Poundmaker alisafishwa jina na serikali mwaka 2019.

Miongo iliyofuata ilikuwa ya shule za bweni, ambako watoto walitenganishwa na wazazi na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Marufuku ya sherehe iliondolewa mwaka 1951, lakini shule ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Vizazi vilivyolelewa humo, bila wazazi wala wazee, ndivyo vilivyoanza kujaza magereza. Huko gerezani wafungwa wenyewe, tangu miaka ya 1950 na 1960, waliunda vyama vya udugu, wakafundishana historia yao na kudai waletewe wazee wa mila. Huduma ya wazee hao, basi, haikubuniwa na wakubwa wa magereza. Ilidaiwa kutoka chini.

Sheria ya magereza ya mwaka 1992 ilikubali madai hayo. Mzee wa mila alipewa hadhi sawa na kasisi, na kifungu cha 81 kikaruhusu jamii ya asili kukabidhiwa mfungwa imtunze yenyewe. Mwaka 1995 kilifunguliwa kituo cha Okimaw Ohci kwa wanawake, katika ardhi ya Nekaneet, Saskatchewan, ingawa hicho kiliendelea kuendeshwa na serikali. Jengo lake la ibada ni la mviringo, mama anaweza kukaa na mtoto wake mdogo, na mzee huongoza ibada ya mvuke: mawe yaliyookwa motoni huingizwa ndani ya kibanda kilichofunikwa, hunyunyiziwa maji, na walioketi gizani huomba kwa zamu. Hata askari magereza hufunzwa kwamba furushi takatifu la vitu vya ibada vya mfungwa hupekuliwa kwa kulitazama tu, mwenyewe akilifungua.

Mahakama nazo zilisogea. Hukumu ya Gladue ya mwaka 1999 iliwataka majaji wapime historia ya mshtakiwa wa jamii za asili kabla ya kumfunga. Mwaka 2018, katika kesi ya Ewert, Mahakama ya Juu iliona kwamba idara ya magereza ilitumia vipimo vya hatari bila kuhakikisha kuwa vinawafaa wafungwa hao. Jambo hili si dogo, kwa kuwa alama za vipimo kama hivyo huchangia kuamua nani akae gereza la ulinzi mkali na nani apate msamaha wa masharti mapema.

Hata hivyo, ripoti ya mkaguzi wa magereza ya mwaka 2012 ilikuta mikataba 4 tu ya kifungu cha 81, yenye vitanda 68, miaka 20 tangu sheria ipite. Fedha nyingi zilibaki katika magereza ya kawaida, na baadhi ya vijiji vilisita kupokea wafungwa. Mwaka 2020 jamii za asili, ambazo ni kama asilimia 5 ya wananchi, zilipita asilimia 30 ya wafungwa wa serikali kuu. Mwishoni mwa 2021 wanawake wao walikaribia nusu ya wanawake wote waliofungwa katika magereza ya serikali kuu. Kwa maoni yangu sheria inatosha. Kilichokosekana ni fedha na madaraka kukabidhiwa jamii zenyewe. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliitaka serikali, mwaka 2015, ikomeshe wingi huo ndani ya miaka 10 na iondoe vikwazo vya kuanzisha vituo zaidi vya aina ya Okimaw Ohci. Miaka hiyo imekwisha, na uwiano umepanda.