Ua la mukuba si majani ya bule

Siku ya salongo, katika viwanja vya masomo na mbele ya nyumba zetu za Lubumbashi, majembe yanapita na majani yote yanang'olewa bila kuulizwa jina. Usafi ni jambo nzuri. Lakini kati ya yale tunayoita majani ya bule, iko moja ambayo inatupasa kuiheshimu. Wenye elimu wanaiita Haumaniastrum katangense. Wengi wanasema ua la mukuba. Ni mumea mudogo wa jamaa moja na lumba-lumba.

Tukumbuke historia yetu. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na tanuru lake la Lubumbashi likatoa mukuba ya kwanza mwaka 1911. Lakini wazee wetu walikuwa wakiyeyusha mukuba tangu karne nyingi mbele ya hapo. Kisha mavuno, wakati wa kiangazi, walichimba malakiti, lile jiwe la kijani. Walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala na kupuliza kwa mivukuto. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa tangu mwaka 1957, misalaba ya mukuba ilipatikana pamoja na wafu.

Yale matanuru yalibomoka, mvua ikasawazisha yote. Mabaki ya mukuba yalidumu ndani ya udongo. Udongo wa namna hiyo unaua majani mengi, lakini ua la mukuba linauvumilia, tena linapata nafasi kwa sababu majirani wake hawako. Ndiyo maana wachunguzi wa mambo ya kale, kwa kufuata maua hayo, walifika penye matanuru ya wazee.

Si kila mahali linapoota ni pa wazee. Linaota pia pale moshi wa kiwanda uliangusha mukuba. Hapo linatuonya: tusipande mboga bila kuchunguza udongo! Hivi ua moja linasimulia kazi ya zamani na uchafu wa leo.

Vilima vya mukuba vinazidi kuchimbwa, na iko mimea isiyoota popote duniani isipokuwa juu yake. Kwa hiyo tunaomba walimu wenzetu: mbele ya kung'oa, muwaonyeshe watoto. Wazee wetu hawakutuachia vitabu juu ya kazi yao. Waliacha udongo, na ua hili ndilo linausoma.